Magoti ya Buluu

Noreen Tuckwell alikuwa amefunga magoti ya wanaume kwa miaka kumi na saba. Ungemwonyesha mguu peke yake, bila mwenyewe, angekutajia jina, namba ya jezi na mwaka ulipoteguka. Siku za mazoezi wachezaji wa klabu ya mpira ya Yallaroop, mji mdogo wa ngano mbali na Melbourne, walipanga foleni mbele ya meza yake wakipiga soga, naye akiwazungushia utepe wa kahawia wa kukaza viungo huku anawasema mmoja mmoja. Huyu kanenepa. Yule hajaoga. Mwingine kakimbiwa na mchumba, na mchumba ana haki. Walimpenda kwa mdomo wake huo, na yeye aliwapenda kwa sababu hakujaliwa mtoto, ingawa hilo usingemwambia usoni ukaondoka salama.

Ufungaji wake ulikuwa na alama. Alianzia nyuma ya paja, akaupishanisha utepe juu ya goti, na chini kabisa akausokota mara moja kabla ya kuubana. Msokoto ule alifundishwa na Dokta Ishani Weerakoon, daktari pekee wa mji, mwanamke mfupi wa Sri Lanka aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili akakaa tisa. Kila Jumamosi dokta alileta kiti chake cha kukunja, akakaa karibu na kantini ya uwanja, akala pai ya nyama kwa kisu na uma huku watu wanamcheka. Julai ya mwaka uliopita Des, mume wa Noreen, alianguka hapo hapo kantini na trei ya chai mkononi. Dokta aliiacha pai, akaikimbilia mashine ya kustua moyo iliyotundikwa ukutani, akamrudisha Des duniani mbele ya watu mia mbili. Mechi ilisimama dakika ishirini. Yallaroop ilifungwa siku hiyo na hakuna aliyelalamika, jambo ambalo halijatokea kabla wala baadaye.

Noreen hakuwahi kulisahau tendo lile la dokta. Alilikumbuka vizuri sana, halafu akaliweka kando, na mimi hilo naliona baya kuliko kusahau.

Shida ilikuwa klabu. Vijana walikuwa wameondoka, wengine kwenda migodini, wengine Melbourne, na mara mbili msimu uliopita Yallaroop ilishindwa kupata watu kumi na wanane wa kuingia uwanjani, maana mpira wa huko si soka: hudakwa kwa mikono, hupigwa kwa miguu, na goli moja ni pointi sita. Ligi ikaandika barua: mkikosa tena, mtaunganishwa na Tarrawick. Tarrawick ni mji wa jirani, kilomita kumi na nane, ngano ile ile, baridi ile ile. Lakini mtu wa Yallaroop akiambiwa avae jezi ya Tarrawick, ni kama ameambiwa azikwe mzima na Tarrawick wakae juu ya kaburi wanakula sandwichi. Des ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Alisema siku hiyo ikifika, moyo wake utajizima wenyewe bila kungoja ushauri wa daktari.

Ndipo walipokuja wale wa shamba la Pengelly.

Walikuwa vijana tisa, vichwa vimenyolewa, mabega kama milango. Walikodi shamba la marehemu Pengelly nje ya mji na kujiita Uzio. Asubuhi walikimbia wamebeba magogo. Jioni walijipiga picha na bendera yao nyeusi, wakaandika mtandaoni kwamba nchi hii ni ya weupe na wengine wote wafungashe virago. Mji ulijua. Hakuna kisichojulikana Yallaroop. Ukipiga chafya asubuhi mbele ya bucha, jioni unaulizwa mafua yanaendeleaje. Lakini mji ulijua pia kwamba wanne kati yao wanacheza mpira, na kwamba mmoja, Tate Gillard, anaucheza kweli kweli.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Des alisema ni watoto wanaocheza jeshi. Enzi zake yeye walicheza pikipiki. Wazee wawili wa baa walisema, kwa sauti ya chini na baada ya kutazama mlango, kwamba vijana wale wanatamka yale ambayo wengine wanayameza. Lyle Bassett, mwenye bucha, ambaye pia ni kocha, hakuzunguka.

"Takataka," alisema Lyle. "Takataka tupu. Lakini ni takataka zetu mpaka fainali ya Septemba."

Glenys, mdogo wake Noreen, anayetunza maktaba, ndiye pekee aliyetaka wasisajiliwe. Aliyasema hayo jikoni kwa Noreen, chai inapoa mbele yake.

"Eti nchi ya weupe. Wenye nchi walikuwa hapa miaka elfu arobaini kabla ya babu yetu kuletwa na meli ya wafungwa, pingu mkononi, kwa kuiba kondoo. Kuna kitu kinanuka ndani ya nyumba, Nor, na nyinyi mnaniambia kinajua kupiga goli."

"Kila mtu na mawazo yake," alisema Noreen. "Mimi nafunga magoti. Vichwa sivifungi."

"Na dokta je? Wakimjia dokta?"

"Nani amjie dokta? Dokta ni wa kwetu."

Na alilisema kwa moyo safi. Noreen aliamini kwamba mtu akishakula pai yako na kuvaa jezi yako, basi amekuwa wako, na maovu yake yamebaki getini na viatu vyake. Tate mwenyewe alimpa kila sababu ya kuamini hivyo. Alimwita bosi. Alimletea kuni zilizopasuliwa vizuri, akazipanga mwenyewe kando ya mlango wa nyuma, akakataa hata biskuti. Kwa Agosti nzima Yallaroop haikufungwa, na Tate alikuwa na magoli arobaini na moja.

Jumatatu moja, Tate akiwa amelaza mguu wa kushoto mezani, Noreen alimuuliza.

"Hayo mambo yenu ya shambani, mnayamaanisha kweli?"

Tate alitabasamu. Ana tabasamu la kumpeleka kwa mama mkwe. "Wewe usijali, bosi. Wewe ni wetu."

"Na dokta?"

"Dokta ana kwao."

"Alimfufua Des."

"Na tunamshukuru. Fundi akikutengenezea bomba, unamshukuru, anachukua vyombo vyake anakwenda. Humpi chumba."

Noreen alikuwa amefika katikati ya goti. Alifungua mdomo amjibu, na wakati huo huo utepe wa kahawia ukamwishia mkononi. Akapekua sanduku, akakuta kipande cha buluu kilichobaki kwa wasichana wa netiboli, akamalizia nacho, akasokota, akabana. Jibu likapotea humo humo kwenye kutafuta utepe. Alimpiga kofi dogo la paja kama afanyavyo kwa wote. "Haya, toka. Anayefuata."

Asubuhi yake, Jumanne, Noreen alikwenda kliniki kuchukua cheti cha dawa za Des. Barafu ilikuwa bado kwenye madimbwi. Wanaume sita walikuwa wamesimama kwenye ngazi za kliniki, mashati meusi, nyuso wamezifunga vitambaa mpaka machoni, na kaptula, maana wanaume wa huko huvaa kaptula hata siku ya kuzikwa kwao. Walishika bango: DOKTA, NJIA YA KWENU UNAIJUA.

Dokta Weerakoon alishuka garini na funguo mkononi, akapanda ngazi nne, akasimama mbele yao. Aliwafikia kifuani tu.

"Nina wagonjwa saa mbili," alisema. "Naomba mnipishe."

Hawakupisha. Alipojaribu kupenya, yule wa katikati aliinua kiganja akamsukuma kifuani, bila hasira, kama mtu anayesukuma mlango. Dokta alianguka nyuma ngazi zote nne na mkono wa kulia ukiwa chini yake. Mlio wa mfupa ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Noreen alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, mkoba umekumbatiwa. Na kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa dokta. Alitazama goti. Goti la kushoto, kahawia inayogeuka buluu, na chini yake msokoto mmoja, safi, haujachafuka hata kidogo. Kazi ya mikono yake mwenyewe. Mwenye goti aligeuza kichwa, macho yao yakakutana juu ya kile kitambaa, akamwinamishia kichwa kwa adabu kama anavyomsalimia siku zote. Kisha wakakunja bango lao wakaondoka bila haraka.

Noreen alipiga magoti chini. Alikunja gazeti lililokuwa limetupwa ngazini akalifanya gango, akalifunga kwa skafu yake, mikono imetulia, maana mikono yake haijui kutetemeka. Dokta alikuwa kijivu midomoni. Hakulia. Muda wote alimtazama Noreen usoni.

"Asante," alisema mwishowe. "Umefunga vizuri."

Jumatano Konstebo Priddle alikuja nyumbani. Aliwahi kuchezea Yallaroop, beki wa pembeni, goti la kulia bovu. Noreen alilijua kama sufuria zake.

"Nor, dokta anasema aliyemsukuma alikuwa na utepe goti la kushoto. Una buluu ndani yake. Hakuona sura. Wewe ulikuwa karibu."

"Walikuwa wamejifunga."

"Sijauliza sura."

"Nafunga magoti kumi kwa siku, Priddle. Nitakumbuka la nani?"

Konstebo aliangalia kofia yake. Alijua anadanganywa, na Noreen alijua kwamba anajua. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa nusu fainali, ya kwanza kwa Yallaroop tangu konstebo mwenyewe awe na nywele.

"Basi nitapita mazoezini kesho saa kumi na moja," alisema polepole. "Nitaangalia magoti mwenyewe. Saa kumi na moja, Nor." Akavaa kofia akaenda zake. Kwa maoni yangu hakuna mtu wa sheria aliyewahi kutoa taarifa nzuri zaidi kwa mhalifu, na alilipwa mshahara kwa hilo.

Usiku haujaingia, jikoni kulikuwa kumeshajaa. Des mezani na vidonge vyake, Lyle amesimama na aproni ya bucha, Glenys mlangoni hajavua koti.

"Utamtaja," Glenys alisema.

"Sikuona sura."

"Nor, mimi ni mdogo wako, usinifanye Priddle. Utamtaja. Yule mwanamke alimtoa mumeo chini mfu."

Wote wakamtazama Des. Des alikuwa akipanga vidonge vyake kwa rangi. Ningependa kukuambia kwamba aliona aibu.

"Mkono unapona," alisema. "Klabu ikifa haifufuki. Na Nor hawezi kuwa mchongezi. Hajawahi, na mimi sitaki mke mchongezi."

Hapo neno lenyewe likawa limetajwa. Yallaroop inasamehe mengi. Inamsamehe mlevi, mpiga mke, hata mtu aliyewahi kuichezea Tarrawick kama alikuwa mdogo. Mchongezi haisamehi. Mtu aliyemchongea jirani yake kwa kuchoma nyasi siku ya marufuku ya moto alihama mwaka wa tisini na moja, na mpaka leo nyumba yake inaitwa kwa jina hilo.

"Walimvunja mkono mwanamke," Glenys alisema. "Huko si kuchongea. Ni kusema."

"Baada ya fainali," Lyle alisema. "Aseme baada ya fainali. Nani anakataa?"

"Baada ya fainali dokta atakuwa ameondoka."

"Hataondoka," Noreen alisema. "Yuko hapa miaka tisa. Ataenda wapi?" Kisha akageuka akamuuliza Lyle, taratibu, kama anauliza bei ya soseji: "Kesho asubuhi unapitia Horsham?"

"Napitia."

"Niletee utepe wa buluu. Boksi zima."

Wazo lilikuwa lake. Mjini walisema baadaye ni la Lyle, wengine wakasema Des alimlazimisha. Tusimpunguzie. Alikuwa na akili kuliko wote mle ndani, na aliitumia hapo.

Alhamisi saa kumi alianza kufunga. Alifunga kila goti la kushoto, zima na bovu, kahawia juu, buluu chini. Vijana walidhani ni mzaha wa kumchezea polisi, wakacheka mpaka wakajikunja. Tate alipolala mezani, Noreen aliukata utepe wa Jumatatu, akaubwaga ndani ya jiko la kuni lililokuwa nyuma yake. Uliungua na harufu mbaya.

"Nilijua, bosi," Tate alisema. "Nilisema wewe ni wetu."

Noreen alikuwa amebakiza kipande kimoja cha zamani chini ya goti. Alikivuta kwa nguvu mpaka kikatoka na nywele. Tate akafumba macho kidogo. Huo ndio upinzani wote ambao Noreen aliwahi kuutoa.

Saa kumi na moja konstebo alisimama kando ya uwanja. Magoti ishirini na mawili ya buluu yalipita mbele yake kwa mstari. "Konstebo, njoo na wewe ufungwe!" mmoja alimwita. Priddle alifunga daftari, akacheka nao, akala soseji moja ndani ya mkate kabla ya kuondoka.

Dokta Weerakoon aliondoka wiki moja baadaye. Hakukuwa na tafrija wala kadi. Siku ya mwisho alipita kantini ya klabu wakati Noreen anahesabu jezi, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya ukutani, akaifungua, akaitazama. Kisha akaandika karatasi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa ndani ya plasta ngumu, herufi kubwa zilizopinda: BETRI INAKUFA SEPTEMBA. AGIZENI MPYA. Akaibandika chini ya mashine.

"Noreen," alisema, akangoja.

Noreen alikuwa na jezi kumi na nne mkononi. "Safari njema, dokta," alisema. "Na pole na mkono."

Dokta alingoja kidogo tena, kisha akatoka. Noreen aliisoma karatasi. Akasema moyoni, kesho nitaagiza. Siku mbili baadaye Yallaroop ilishinda nusu fainali, yakaja mabango ya fainali, na bango lilihitaji ukuta. Alilipigilia mwenyewe, likafunika mashine na karatasi yake. Lilikuwa na picha ya goti la buluu.

Maana goti la buluu lilikuwa limeshakuwa kitu. Baada ya ushindi ule, watoto wa shule walijifunga. Mwoka mikate aliweka mstari wa buluu juu ya keki. Dirisha la bucha lilining'iniza mguu wa nguruwe uliofungwa utepe, na watu wakapanga foleni kujipiga nao picha. Bwana Gurpreet, Mhindi wa kituo cha mafuta, alimfunga binti yake goti kila asubuhi kabla ya shule. Alilifunga vizuri sana, hakuna aliyemuuliza sababu. Glenys peke yake alikataa, na wanawake aliosoma nao wakaacha kuazima vitabu.

Uzio nao hawakulala. Picha ya magoti ishirini na mawili ilikuwa mtandaoni tangu siku moja baada ya konstebo kupita, na chini yake waliandika: Mji mzima uko nasi. Wiki ya fainali walikuja wenzao kutoka Melbourne na Adelaide, mabasi madogo matatu, mashati meusi, goti la kushoto buluu. Walisimama kwenye uzio wa uwanja bega kwa bega na mabibi wenye mablanketi na chupa za chai. Usingeweza kumtenga aliyevaa kwa ajili ya mpira na aliyevaa kwa ajili ya lile lingine. Noreen alijaribu, kwa dakika moja hivi, kisha akaambiwa maji yanahitajika.

Fainali ilichezwa nyumbani kwao, dhidi ya Tarrawick. Magari yalipangwa kuzunguka uwanja, pua kwenye uzio, kama yanavyopangwa siku zote ili watu wakae ndani na joto na kupiga honi goli likiingia. Pikapu ya Des ilikuwa mstari wa mbele, mahali pa mwenyekiti. Alikuwa amejifunga utepe wa buluu juu ya suruali. Vidonge vyake vya kifuani vilikwisha Jumatano. Daktari wa karibu sasa alikuwa Horsham, kilomita sabini na mbili, na alikuwa na nafasi Alhamisi ya wiki ijayo. Des alisema Alhamisi inatosha.

Dakika ya mwisho Yallaroop ilikuwa nyuma kwa pointi nne. Tate aliruka juu ya migongo ya watu wawili, akaudaka mpira, akatua, akarudi hatua kumi, maana aliyedaka hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Alipiga. Mpira ulipita katikati ya nguzo ndefu na haukugusa chochote.

Honi zote zililia kwa pamoja. Gari mia moja na zaidi, na watu juu ya boneti za magari wanarukaruka. Zikalia, zikachoka, zikanyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja tu, ndefu, bila kukatika.

"Msikie Des," Lyle alisema, machozi yanamtoka. "Mzee kapagawa."

Watu wakacheka. Mtu mmoja akamuunga mkono kwa honi yake, na mwingine, na wale wa mashati meusi wakaanza kupiga makofi kwa mdundo juu ya ile honi ndefu, na uwanja mzima ukafuata. Noreen, akiwa kwenye mstari na chupa za maji, aligeuka kutazama pikapu. Jua lilikuwa kwenye kioo, hakuona ndani. Alicheka na yeye. Alimwinulia chupa juu kama anamtakia afya.

King'ora cha mwisho kililia. Wakakumbatiana. Honi iliendelea. Ndipo Noreen alipokwenda, bado anacheka, anajiandaa kumsema mbele za watu kwamba atamaliza betri ya gari.

Des alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani. Zilikuwa zimepita dakika nne.

Lyle alikimbia kantini, akalichana bango, akarudi na mashine. Walipoifungua ilitoa mlio mmoja mdogo, taa nyekundu ikawaka, ikazima. Tate alimsogeza kila mtu, akamlaza Des kwenye nyasi, akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili akihesabu kwa sauti. Alijua kufanya hivyo, shambani walifundishana. Alihesabu kwa dakika arobaini na tano, jasho linamdondokea Des usoni, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujitahidi. Ambulensi ilipofika walikata suruali, na yule msichana wa ambulensi aliutazama ule utepe wa buluu juu ya goti zima lisilo na shida yoyote, akamuuliza Noreen, "Hili alikuwa ameumia nini?"

Noreen alianza kuubandua ule utepe.

Jeneza lilibebwa na vijana wanne wa Uzio, kwa kuwa Lyle mgongo unamsumbua na wengine wenye nguvu mjini hawapo. Walivaa mashati yao meusi, yaliyopigwa pasi. Mtandaoni waliweka picha ya Des, wakaandika: Mmoja wetu. Glenys alimsihi dada yake aandike waiondoe. Noreen alisema hajui mambo ya mtandao.

Wiki moja baada ya maziko, mchana, simu ya jikoni ililia.

"Noreen? Ni Ishani. Niko Adelaide. Nimesikia kuhusu Des. Pole sana."

Noreen alikaa chini. Alikuwa hajalia kanisani wala makaburini. Alieleza yote, harakaharaka, kama mgonjwa anayeogopa kwamba muda wake utaisha. Honi. Kioo na jua. Dakika nne. Mashine.

"Niliacha karatasi," dokta alisema.

"Niliisoma."

"Mkono wako?" Noreen aliuliza.

"Umeunga. Vidole viwili havikunji. Kushona jeraha siwezi tena. Lakini ulinifunga vizuri siku ile, ingekuwa mbaya zaidi."

"Dokta, siku ile. Mimi kwa kweli sikuona..."

"Uliona goti kabla hujaniona mimi. Nilikuwa chini pale, nakutazama." Sauti haikuwa na hasira, na Noreen angelipa chochote iwe nayo. "Ule msokoto nilikufundisha mimi, Noreen. Hakuna mwingine anayeufunga hivyo katika ligi nzima. Konstebo nilimtajia rangi tu. Msokoto sikumtajia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka useme wewe. Nilidhani utasema."

Mlango wa nyuma ukagongwa mara mbili, taratibu, kwa adabu. Kupitia kioo Noreen aliona bega, shati jeusi, mikono imebeba mzigo mpaka kidevuni.

"Bosi," Tate aliita kutoka nje. "Nimekuletea kuni. Niziweke wapi?"

Simu ilikuwa bado sikioni. Noreen alisikia pumzi ya dokta, inangoja, kama ilivyongoja ile siku ya jezi. Nje, Tate alibadilisha mguu. Goti la kushoto humsumbua akisimama muda mrefu.

"Pale pale pa siku zote," Noreen alisema.

Upande wa pili, simu ikakatwa.